Fremu Tupu na Sura ya Pili

Shangazi yangu aliagiza fremu kabla diploma yangu haijafika. Alikwenda kwa fundi seremala mjini Bagamoyo, akanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha ukubwa anaoutaka, na ukubwa wenyewe ulikuwa wa dirisha. Fundi akamuuliza karatasi itakayowekwa ina upana gani. Shangazi akamjibu, "Wewe chonga. Karatasi ya Uingereza haiwezi kuwa ndogo."

Basi niliporudi Kaole nikitokea ng'ambo, nimevaa suti ya sufu katika joto la Machi na sikuivua mpaka kila mtu ameniona, niliikuta fremu imekwisha tundikwa ukumbini. Kioo kilikuwa kimefutwa kikang'aa. Ndani yake hamkuwa na kitu.

Nieleze mambo yalivyokuwa, maana wengi waliyasimulia vibaya. Mitihani yote nilikuwa nimeshinda, tena nikawapita vijana wengi wa kule waliozaliwa na lugha ile mdomoni. Kilichobaki kilikuwa kazi moja tu: kufanya utafiti wa elimu ya jamii hapa kwetu, kuuandika kwa sura tano, na kuutuma kwa meli. Msimamizi wangu, mzee mmoja mwenye macho makali na mwandiko mbaya, akiukubali, diploma inatoka. Akiukataa mpaka mwaka wa chuo uishe, hakuna diploma, na fremu ya shangazi itabaki na kioo chake.

Wala nisifikiriwe kuwa nilibebwa. Baba na mama walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi kwa makuti aliyoyashona na kuuza. Nilianza kazi bomani nikiwa tarishi wa kupeleka barua. Kiingereza nilijifunza kwa kusoma anwani za bahasha, kisha magazeti yaliyotupwa, kisha masomo ya posta niliyoyalipia mwenyewe. Katika vijana wote wa rika langu kutoka Kaole mpaka Mkange, sijasikia mwingine aliyetoka kubeba bahasha akaenda kukaa darasani Uingereza. Kama yupo, na ajitokeze.

Utafiti wangu ulihusu kuezeka nyumba kwa ujima. Kwetu mtu akitaka kuezeka hatafuti vibarua. Huwaambia watu siku, wanaume wanakuja, wanapanda juu, wanafunga makuti kwenye fito huku wakitaniana, na jioni wote wanakula wali. Nilizunguka Kaole na vijiji vya jirani nikahudhuria kila nyumba iliyoezekwa msimu ule. Niliuliza maswali, niliandika, na mara mbili nilipanda juu mwenyewe ili wasiseme kwamba Uingereza imenilegeza. Sura ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa nzuri sana. Nasema hivyo kwa kuwa nimezisoma tena hivi karibuni.

Sura ya pili ndiyo iliyokuwa na kazi yake maalumu. Inaitwa mapitio ya maandishi. Mtafiti hutakiwa aonyeshe ni nani waliokwisha andika juu ya jambo lake, walisema nini, na yeye anaongeza nini. Mimi niliiandika kwa sentensi moja: "Kuhusu kuezeka kwa ujima katika pwani hii, hakuna mtu aliyewahi kuandika chochote." Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa fupi na ilinifanya niwe wa kwanza.

Msimamizi alirudisha kazi yangu kwa meli iliyofuata. Pembeni mwa sentensi ile aliandika neno moja tu: "Umejuaje?"

Nilimsomea shangazi, naye alikuwa amekaa uani akikunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyashona.

"Umejuaje nini?" akauliza.

"Nimejuaje kwamba hakuna aliyeandika."

"Si umeangalia?"

"Nimeangalia vitabu vya huko chuoni."

"Ah!" Akavuta uzi kwa meno. "Unamtafuta mbuzi wa Kaole huko Uingereza? Baba, waliokuja hapa kuandika walikuja hapa. Mimi nimewaona, na madaftari yao na kofia zao. Anza mjini."

Nilipanda baiskeli nikaenda mjini. Nilianza kwa mwenye duka mmoja, mzee wa asili ya Omani ambaye babu zake walizikwa Bagamoyo, naye aliuza mchele, sukari na kila kitu. Alikuwa mtani wangu mkubwa tangu nikiwa tarishi.

"Subalkheri, bwana diploma," akaniita kabla sijaegesha baiskeli.

"Akulkheri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia kwenu mmetundika dirisha ukutani ili mwone ukuta."

"Ni fremu, mzee. Karatasi iko njiani."

"Njiani wapi? Imepanda meli au inaogelea?"

Nilimwacha acheke mpaka ashibe, kisha nikamwambia shida yangu. Nilijua kwamba chumba chake cha nyuma kilijaa marobota ya magazeti ya Kiswahili ya miaka mingi, ambayo aliyachana kidogo kidogo kufungia sukari. Aliniruhusu niyafungue, kwa sharti nisiyachanganye, maana ya zamani yalikuwa na karatasi nene iliyofaa kwa chumvi. Siku ya kwanza sikupata kitu ila matangazo ya sabuni na habari za mpira. Siku ya pili nikapata makala ya mwalimu wa shule mmoja, aliyelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaji tena kuezeka bila kulipwa. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

"Kuna mtu ameandika!" nikamwambia.

"Sasa unafurahi nini? Si ulisema hakuna?"

"Ndiyo maana nafurahi, mzee. Nikimpata mmoja nitawapata wote."

Na hapo nilisema kweli, maana mwalimu yule katika makala yake alikuwa akimjibu ofisa mmoja wa zamani wa serikali, aliyeandika kwamba watu wa pwani husaidiana kwa sababu tu ni ndugu wa damu. Nikaenda bomani, ambako makarani walinikumbuka nikiwa na mfuko wa barua, na sasa wakanipa kiti. Ripoti ya ofisa yule nikaipata kwenye kabati la pembeni, imeliwa na mchwa mwishoni lakini katikati iko salama. Chini ya ukurasa mmoja alikuwa ametaja padri aliyeandika kabla yake. Nikaenda kwa mapadri. Padri mwenye kutunza vitabu, mzee mwenye ndevu ndefu na Kiswahili safi kuliko cha makarani, alinifungulia chumba kilichonukia karatasi na ndizi mbivu.

"Unamtafuta nani?" akaniuliza.

Nikamtajia. Akacheka. "Huyo aliandika kwa lugha ya kwetu Ulaya. Kaa, nikusomee."

Akanisomea mchana kutwa, huku akitafsiri na wakati mwingine akigombana na kitabu. Padri yule wa zamani alidai kwamba ujima ulikuwa umekwisha kwa sababu ya fedha, na hayo aliyaandika kabla mimi sijazaliwa. Nilimwambia padri, "Mbona juzi tu nimepanda juu ya nyumba na watu wengi wasiolipwa?" Akainua mabega. "Mwandikie," akasema, "ila hatajibu. Tumemzika hapo nje."

Kisha akanitolea jarida moja kubwa lenye jalada la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na makala ya mtaalamu aliyekusanya karibu yote yaliyoandikwa juu ya kazi za ujima Afrika ya Mashariki: nani alisema hivi, nani akambishia, nani alisahau nini. Ilikuwa mapitio yenyewe, tayari yamefanywa. Nilikaa nayo mpaka padri akanipa ndizi. Mwishoni mlikuwa na majina ya maandishi mengine, na kila jina lilinituma kwingine, kama mtu anayeuliza nyumba mtaani akaambiwa nenda kwa yule, naye ampeleke kwa yule. Mwezi haukuisha nilikuwa na maandishi ya kutosha kujaza mkoba. Wale wanaosema kwamba Bagamoyo hakuna cha kusoma hawajui kutafuta.

Niliandika sura ya pili upya, kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Waandishi hawa wote walikuwa wazee kwangu, na mzee hakosolewi mbele ya watu. Basi niliandika hivi: Bwana ofisa ameeleza kwa ufasaha kwamba watu husaidiana kwa sababu ya undugu, nasi tunamshukuru. Padri ameeleza kwa busara kwamba kusaidiana kumekwisha, naye tunamshukuru. Mwalimu wa shule ameeleza kwa uchungu kwamba vijana wanadai malipo, Mungu amzidishie. Ziliendelea hivyo kurasa kumi na zaidi. Shangazi aliposomewa aliinua mikono akaniombea dua. "Umewaheshimu," akasema. "Sasa hawezi kukataa."

Wakati tunasubiri jibu, fremu ikapata umaarufu. Watu walikuja kutusalimia kumbe wamekuja kuitazama. Jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi mwepesi aliyekaa nyumba ya pili, alisimama mbele yake siku moja, mkono kiunoni.

"Shoga," akamwambia shangazi, "hii ni ya picha ya bibi harusi wa mwanao?"

"Ni ya diploma."

"Haya. Mimi nilidhani ni ya mke, maana naye pia haonekani."

Shangazi alicheka mbele yake, na jirani alipoondoka akashona makuti kwa nguvu mpaka vijiti vikavunjika.

Jibu likaja. Msimamizi alikuwa ameandika: "Umewaamkia wote kwa adabu nzuri. Sasa niambie mlizungumza nini. Ofisa na padri wanapingana, na wewe umewashukuru wote wawili. Nani amekosea? Wewe unasema nini? Meli hii ndiyo ya mwisho lakini moja." Maana yake nilikuwa na safari moja tu ya posta iliyobaki kabla mwaka haujaisha.

"Anataka uwatukane wazee?" shangazi akauliza. "Huyo mzungu hana mama?"

Nilijua kukosoa kwa namna ya kule chuoni, ambako vijana waliwapasua maprofesa kama mihogo kisha wakaenda kunywa chai nao. Lakini kila nilipoandika "Padri amekosea" mkono ulikuwa mzito. Nikifuta ilikuwa salamu, nikiacha ilikuwa matusi. Siku zilikwenda na karatasi ilikuwa tupu kama fremu.

Ndipo ikaja harusi. Binti wa Kaole alikuwa anaolewa na kijana wa mjini, na baada ya sala ya alasiri wanawake wa Bagamoyo walifika na ngoma zao kupambana kwa nyimbo na wanawake wa Kaole, ambao kiongozi wao alikuwa shangazi yangu. Mimi nilikaa barazani na wanaume, karibu na mwenye duka, mkoba wangu magotini kwa sababu siku zile sikuuacha popote.

Kiongozi wa mjini akaanza, sauti kali kama filimbi:

*Wali wenu wa Kaole, ukila jino lang'oka,*
*mawe ni mengi sahani, twaogopa kutafuna.*

Vigelegele vikalia. Jirani yetu mwenye ulimi mwepesi hakuweza kujizuia. Akaruka katikati akaanza kuwaimbia wa mjini kwamba wao hata wali hawana. Mpigaji ngoma akanyamazisha mikono papo hapo. Wanawake wa pande zote mbili, wa Kaole pia, wakampigia kelele: "Rudisha! Rudisha kwanza!"

Hiyo ndiyo sheria ya ngoma za kwetu, na nilikuwa nimekua nayo bila kuitazama. Huwezi kujibu wimbo kabla hujaurudisha. Lazima kwanza uimbe maneno ya mwenzako kama alivyoyaimba yeye, yote, bila kuyapotosha, ili watu wajue umesikia. Asiyerudisha, ngoma haimlilii. Jirani akarudi nyuma akisonya.

Shangazi akaingia. Aliweka sawa kanga yake, akawatazama wa mjini kama mtu anayetazama biashara, akaimba wali na jino na mawe na sahani, neno kwa neno, tena kwa sauti nzuri kuliko ya mwenyewe. Wa mjini wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akaongeza:

*Mmesema kweli tupu, mawe tumeyaokota,*
*mchele watoka kwenu, nusu yake changarawe.*

Baraza yote ikainuka. Mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa ameuza mchele ule, akajifunika uso kwa kilemba chake.

"Shangazi yako ameniua," akaniambia kutoka ndani ya kilemba.

"Hajakuua, mzee. Amekurudisha."

Kwa kweli nilikwisha acha kumsikiliza. Wengine wote pale walikuwa wakicheka, na mimi peke yangu nilikuwa nimefungua mkoba. Shangazi hakumtukana mtu. Alibeba maneno ya mwenzake kwa uaminifu, akakubali lililo kweli, kisha akaonyesha mahali mwenzake alipoishia. Wa mjini waliishia sahanini. Yeye akaanza dukani. Na waandishi wangu je, waliishia wapi? Nikawapitia kichwani mmoja mmoja. Ofisa, padri, mwalimu, hata mtaalamu wa jarida kubwa: wote walianza hadithi yao siku wanaume wanapopanda juu. Walihesabu wanaume waliokuja, wakabishana kama ni ndugu au si ndugu, kama wamelipwa au hawakulipwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza makuti yametoka wapi.

Makuti yalishonwa na wanawake, uani, wiki nyingi kabla ya siku ile. Mimi nililelewa katikati yake. Na wanawake walishoneana kwa zamu, ndugu na asiye ndugu, mwenye fedha na asiye nazo, bila tangazo wala wali. Ofisa alikuwa sahihi kwa wale wanaume aliowaona. Padri naye aliona kweli vibarua wakilipwa mjini. Lakini wote walitazama juu ya paa, na ujima wenyewe ulikuwa umekaa chini.

Niliinuka nikakimbilia nyumbani. Shangazi akaniona kutoka kwenye ngoma.

"We! Unakwenda wapi na wali haujaletwa?"

"Nimepata sura ya pili!"

"Kula kwanza! Haina miguu hiyo!"

Niliandika sura ile kwa siku chache nikiwa nimefurahi kama mtu aliyekunywa asali. Kila mwandishi nilimrudisha kwanza, maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapunguza. Kisha nikamkubalia pale alipostahili. Kisha nikaonyesha alipoishia, na kwa nini mwenzake alipingana naye bila kujua kwamba walikuwa wakitazama siku tofauti za kazi moja. Mwisho nikaweka langu. Nililiweka la mwisho kwa sababu hapo ndipo watu wote wanakuwa wamenyamaza. Nimeona sura nyingi za pili tangu wakati huo, nyingine za watu wenye digrii, na nyingi ni salamu tu. Yangu ilikuwa na ngoma ndani yake.

Niliipeleka posta mwenyewe. Karani alitaka kuitupa kwenye kapu na barua nyingine, nikamwambia ashike kwa mikono miwili.

Miezi ikapita. Mwenye duka aliacha kuuliza kama karatasi inaogelea, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko utani. Shangazi aliendelea kufuta kioo kila Ijumaa. Kisha siku moja karani wa posta alikuja Kaole kwa baiskeli yake, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote, amebeba bomba la karatasi ngumu lenye stempu za malkia. Ndani mlikuwa na diploma yangu, na kipande cha karatasi chenye mwandiko mbaya: "Sura ya pili ndiyo bora kuliko zote. Nani alikufundisha?"

Nilimsomea shangazi. Akasema, "Mwambie ada yangu ni kubwa."

Diploma yenyewe, niseme kweli, haikutosha fremu. Ilikuwa ndogo kuliko sinia, na ilipowekwa ndani ilionekana kama stempu kwenye mlango. Nikamwambia shangazi tutachonga fremu nyingine. Aliingia ndani, akatoka na mkeka mdogo wa ukindu wa rangi tatu alioufuma mwenyewe, akaukata kwa kipimo cha fremu, akaulaza nyuma ya kioo, na katikati yake akaiweka karatasi ya Uingereza. Ilikaa vizuri kuliko diploma yoyote niliyoiona katika ofisi za wakubwa, na nimeingia katika ofisi nyingi.

Jioni hiyo wanawake wa Kaole walijaa uani kwetu, na mwenye duka akaja kutoka mjini na mfuko wa mchele. Alisema ameuchagua changarawe kwa mikono yake. Ngoma ikalia. Shangazi akasimama mbele ya fremu. Kwanza akarudisha: dirisha la kutazamia ukuta, akamgeukia mwenye duka, karatasi inayoogelea, akamgeukia tena, fremu ya bibi harusi asiyeonekana, akamgeukia jirani. Hakuacha hata neno moja. Kisha akaimba lake:

*Mlosema twasikia, wala hatukununia,*
*fremu mliyochekea, leo imejaa pia,*
*njooni kuangalia, asosoma tasomewa!*

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Nami nikasimama nikawasomea diploma yote, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, pamoja na saini.

Nilidhani yamekwisha. Lakini jirani mwenye ulimi mwepesi alikuwa amejifunza. Aliingia katikati polepole, akarudisha wimbo wa shangazi wote, mstari kwa mstari, bila kukosa. Ngoma ikamlilia. Kisha akanitazama, akatabasamu, akaongeza:

*Twakubali imejaa, ila mke wake wapi?*

Watu wote wakanigeukia, na mwenye duka alikuwa wa kwanza. Mpigaji ngoma akanyamazisha mikono kunisubiri. Nami, mwenye diploma, nikarudisha swali lile kama lilivyoulizwa, nikakubali kwamba ni pengo la kweli, na nikaomba muda wa kufanya utafiti.